Rangi kwa Shing'weng'we: Ushauri kwa Mtu Mzima Apendaye Ngano

Mtu mzima wa Nyamilangano au wa Ulowa, huku Ushetu, akionekana jioni ameinamia bao la isolo mpaka jua likazama, hakuna amwitaye mtoto. Bali husifiwa kuwa ni fundi, na vijana humzunguka wapate kuiba maarifa ya namna anavyohesabu kete zake. Lakini mtu huyo huyo akikutwa ameshika penseli ya rangi, na mbele yake pamefunguliwa kitabu chenye sungura aliyevaa kilemba na zimwi lenye tumbo kubwa, vicheko huanzia barazani vikaishia jikoni, na mjukuu wake huuliza kwa sauti kitabu kile ni cha nani. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu huyo, awe mwanamume au mwanamke, ambaye moyo wake umeipenda starehe hii lakini haya imemshika mkono. Rai yangu, nayo naisema mapema ili asiyekubaliana nayo asipoteze wasaa wake, ni kwamba kupaka rangi picha za ngano ni kuisikiliza ngano polepole kuliko masikio yawezavyo. Na kwa sababu hiyo mtu wa Ushetu atafaidi zaidi kwa ngano za nchi yake, zikiwa kamili pasipo kupunguzwa, kuliko kwa kitabu kizuri cha ugenini ambacho ndani yake hajui nani anamdai nani.

Vitabu vya namna hii vilivyokusudiwa watu wazima vilipata kishindo duniani kuanzia mwaka 2013, pale mchoraji wa Scotland, Johanna Basford, alipotoa kitabu cha bustani kiitwacho Secret Garden, kilichojaa majani, ndege na wadudu waliochorwa kwa wino mweusi bila rangi yoyote, kikanunuliwa kwa mamilioni na watu ambao aghalabu hawakuwa wameshika penseli ya rangi tangu walipoiaga shule. Kabla ya kishindo hicho, mwaka 2005, watafiti wawili wa Marekani, Curry na Kasser, walichapisha jaribio dogo walilolifanya kwa wanafunzi 84 wa chuo, ambao kwanza walitiwa wasiwasi kwa makusudi, kisha wakagawanywa makundi matatu: wengine wakapaka rangi mviringo wenye nakshi zilizopangika, wengine mistari iliyopishana mithili ya shuka ya miraba, na wengine wakapewa karatasi tupu wajichoree wapendavyo. Waliopewa nakshi, za mviringo au za miraba, wasiwasi wao ulishuka kuliko wa wale waliopewa karatasi tupu. Mimi silioni hilo kuwa ni ajabu, kwa kuwa karatasi tupu humdai mtu uamuzi baada ya uamuzi, na aliyechoka ndiye hasa asiyetaka kuamua tena. Ilhali mchoro uliokwisha kuchorwa humwachia hiari moja tu, nayo ni hiari ya rangi.

Na waliochoka, katika nchi ya Ushetu na majirani zake wa Kakola na Geita, ni wengi. Mkulima wa tumbaku ya mvuke huanza na vitalu kabla ya mvua, huhamishia miche shambani mvua ziingiapo, huvuna jani baada ya jani, huchochea moto wa bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, usiku na mchana kwa muda wa juma zima au karibu yake, na baada ya yote hayo hukaa akingoja mnunuzi atamke daraja la tumbaku yake, neno ambalo yeye hana uwezo nalo. Mchimbaji mdogo wa dhahabu naye hushuka shimoni asubuhi asijue kama mawe atakayoyapandisha yatalipa hata gharama ya karasha, mashine ya kuyasaga. Kazi zote mbili zina jasho, na zaidi ya jasho zina kungoja. Na kungoja ndiko kumlako mtu moyo. Kwa watu wa namna hii, jambo dogo ambalo mwanzo wake na mwisho wake umo mkononi mwao wenyewe, jani hili la mti nimelianza na jani hili nimelimaliza, lina faraja isiyopimika kwa bei ya penseli. Asidanganyike mtu, hata hivyo, akadhani kuwa penseli ni dawa: mwenye usingizi uliopotea kwa majuma, au huzuni isiyomwacha ale, aende akaonane na mganga wa hospitali, na kitabu chake cha rangi akichukue njiani kama apendavyo.

Nije sasa kwenye kitabu chenyewe, maana hapa ndipo wengi hununua kwa macho. Vitabu viingiavyo madukani kutoka ng'ambo vina majumba ya wafalme yenye minara, mabinti waliolala, na misitu iliyofunikwa na theluji. Havina dhambi. Theluji, zaidi ya hayo, ina fadhila ya kutotumia penseli, kwa kuwa huachwa nyeupe kama karatasi ilivyo. Lakini mpaka-rangi ambaye hakulelewa na hekaya hizo hupaka umbo tu: hajui binti yule amelala kwa kosa la nani, wala kikongwe yule mlangoni amekuja na heri au na shari, na kwa hiyo mkono wake hauna sababu ya kuchagua nyekundu badala ya samawati. Aliye karibu zaidi na pwani anazo hikaya zilizokwisha kuandikwa tangu mwaka 1870, pale Edward Steere alipochapisha ngano alizosimuliwa Unguja, mojawapo ikiwa ya Sultani Darai na paa wake mwaminifu. Na anacho kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ambamo manyani wawili huchapwa kila usiku na mtu ambaye angependa sana asiwachape. Picha ya manyani wale ingemtosha mtu mzima kwa jioni nyingi. Walakini mtu wa Ushetu, awe Msumbwa, Mnyamwezi au Msukuma, hana haja ya kwenda mbali hivyo, kwa kuwa ngano ya Masala Kulangwa ama aliisikia kwa bibi yake, au anaishi nyumba ya pili na mtu aliyeisikia.

Kwa wale waliokuja juzi kwa ajili ya dhahabu, ngano yenyewe kwa ufupi ni hii. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote, asisalie ila mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, ambaye alipopata akili alimwuliza mama yake kwa nini duniani wapo wawili tu, na alipojibiwa alitoka kwenda kumtafuta mla-watu. Siku ya kwanza alirudi na panzi, akiimba kuwa amemwua Shing'weng'we. Mama yake akamwambia kwa upole kuwa huyu ni panzi tu, tumchome tumle. Akarudi na ndege, akarudi na mnyama wa porini, na kila siku jawabu lilikuwa lile lile, mpaka siku aliyokutana na zimwi lenyewe vilimani akaliua, akalipasua mgongo, wakatoka baba yake na jamaa zake na watu wote waliomezwa. Katika kupasua, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Kikongwe akaghadhibika, akamtukana mwokozi wake, akataka hata kumroga. Marafiki wa kijana wakamlinda, naye mwenyewe akatafuta dawa akaliponya sikio lile. Ndipo watu wakamkalisha kwenye kiti cha utemi.

Kurasa 12 zinaitosha ngano hii, nami ningezigawa bila ya usawa. Ukurasa mmoja wa watu kumezwa, mmoja wa lundo la makapi na mama ndani yake, na kurasa nne nzima za panzi na wenziwe, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu: panzi mkubwa aliyebebwa begani kwa fahari kana kwamba ni ng'ombe, ndege mwenye manyoya ya kupakwa mmoja mmoja, mama aketiye mbele ya moto akizuia kicheko. Mchoraji apendaye vitu vya kupendeza na awe huru katika kurasa hizo. Amfanye panzi awe na macho makubwa na kope, hatakuwa amemkosea mtu. Hata Shing'weng'we mwenyewe, ambaye ngano haikumpa rangi wala idadi ya pembe, aweza kuchorwa mwenye mashavu ya mviringo na magamba ya nakshi, kwani mpaka-rangi atakaa naye muda mrefu na haifai akaote ndoto mbaya. Lakini tumbo lake lisichorwe tupu. Ndani yake waonekane watu, ng'ombe, vyungu, na mtu mmoja aliyekaa akingoja. Maana zimwi lisilomeza mtu si zimwi, ni pambo.

Na ukurasa ambao mchapishaji mwenye haraka angeuondoa wa kwanza, yaani ule wa kikongwe na sikio lake, ndio ambao mimi ningeutetea mbele ya majilisi yoyote. Watoto huufurahia kwa sababu wanachekeshwa na bibi mwenye ghadhabu. Mtu mzima huujua kwa jina na kwa sura. Nani kati yetu hakupata kumtendea mtu wema mkubwa, akamwumiza katika kuutenda, kisha akadaiwa jeraha badala ya kushukuriwa wema? Na nani hakuwa, siku nyingine, yeye ndiye kikongwe? Ngano haisemi kuwa kikongwe alikosea kulalamika, wala haisemi kuwa kijana alikosea kupasua. Inasema tu kwamba alikwenda kutafuta dawa, na utemi ukaja baada ya dawa, si baada ya ushindi. Ushauri wangu ni kuwa ukurasa huo usipakwe siku moja. Anza na vitu vilivyo pembeni, mawe na majani. Ziache nyuso mbili zile, ya aliyekata na ya aliyekatwa, mpaka utakapokuwa umeamua kila mmoja wao ana rangi gani, na ukijikuta unabadili shauri mara mbili usione aibu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi uliyokikusudia kitabu.

Kitabu cha namna hiyo hakimngoji mtu dukani Kahama, basi itabidi kitengenezwe, na jambo hilo ni jepesi kuliko linavyosikika. Kila mji mdogo una kijana aandikaye mabango ya maduka na kuchora picha za kuta za shule. Mpe ngano, mpe karatasi za A4, na mwambie achore kwa wino mweusi pasipo kivuli na pasipo kujaza weusi popote, mistari ifunge kila umbo ili rangi isikose mpaka, na nafasi ndogo kabisa isiwe chini ya upana wa punje ya mchele, kwani macho yaliyovuka miaka arubaini hayapendi kufukuza rangi katika tundu la sindano. Mlipe, na jina lake liandikwe kwenye jalada. Akitaka kuona viti vya watemi, ngoma na mavazi ya kale yalivyokuwa, aende Bujora, karibu na Kisesa nje ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma ambayo Padre David Clement aliyaasisi. Na asije akadhani kuwa kuchora visa ukutani au karatasini ni jambo la kigeni kwa watu hawa: mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kizima cha michoro ya kuta iliyochorwa na mafundi wa nyoka wa Usukuma ndani ya nyumba za chama chao, michoro ya watu, nyoka na wanyama iliyokuwa ikiwafundisha wanafunzi wao mambo ya chama. Ngano ni mali ya wote. Mchoro ni mali ya aliyeuchora, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda. Kwa hiyo usinakili kurasa za kitabu cha mtu mwingine ukaziuza gulioni, hata kama kila jirani anafanya hivyo.

Baada ya kurasa za asili kukamilika, zitolewe kopi kwenye duka lolote lenye mashine, upande mmoja tu wa karatasi. Karatasi ya kawaida ya ofisi, yenye gramu 80, huvumilia penseli lakini hujikunja ikikandamizwa. Ukiweza kupata ya gramu 120 au zaidi, mradi mashine iipokee, utaona tofauti kwa kidole kabla ya kuiona kwa macho. Penseli 12 zatosha. Boksi la rangi 48 humvuta mnunuzi, lakini aghalabu nyingi kati ya hizo ni ndugu wa karibu wasiotofautiana, na kiini cha penseli kikiwa hafifu huvunjika ndani ya mti kila uichongapo. Kwa hiyo ni afadhali chache njema, na kichongeo chenye wembe mkali, ambacho watu hukisahau kisha wakailaumu penseli. Maka peni zina rangi ya kung'aa, ila wino wake hupenya mpaka upande wa pili, basi atumiaye na aweke karatasi ngumu chini ya ukurasa. Krayoni za nta zinafaa eneo pana, anga au tumbo la zimwi, na hazifai kabisa kwa kope za panzi.

Katika kupaka kwenyewe, kosa la wanaoanza ni kukandamiza. Penseli ipite kwa wepesi, tabaka la kwanza hafifu, la pili kwa mwelekeo mwingine, la tatu pale tu palipo na kivuli. Rangi nyepesi itangulie, nzito ifuate, kwa kuwa njano iliyo chini ya kijani huleta jani lililo hai, ilhali kijani kilichotangulia hakiondoki tena. Usiamini kuwa majani yote ni ya kijani. Aliyepita katika miombo ya Ushetu mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, ameona miti ikichipua majani mekundu na ya rangi ya shaba, na mpaka-rangi atakayeipaka miti ya Masala Kulangwa kwa rangi hizo atakuwa ameiweka ngano katika majira yake. Wapo wapendao kuiga wachoraji wa Tingatinga, nami nawahadharisha kidogo: Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vibao, na ule mng'ao wake haupatikani kwa penseli hata ukikandamiza mpaka karatasi itoboke. Chukua kwake ujasiri wa kumpa mnyama rangi asiyozaliwa nayo, uuache mng'ao.

Kuhusu wakati, ningesema majira ya masoko, tumbaku ikiwa imekwisha kufungwa mitumba na mkulima hana la kufanya ila kungoja, ndiyo majira ya kitabu hiki. Kitabu kisiende kwenye bani. Najua mlinzi wa moto hukaa macho usiku kucha na mikono yake mitupu, na fikra ya kumpa penseli ni ya huruma. Lakini moto ule unataka jicho, na joto likipanda kabla ya wakati wake majani huharibika, na hasara ya bani moja haifidiwi na panzi aliyepakwa vizuri. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu utomvu wa tumbaku hunata vidoleni ukaacha alama nyeusi kwenye karatasi. Na aliyeshika zebaki mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, asikaribie meza ya nyumbani, ya rangi wala ya chakula, kabla hajaoga na kubadili nguo, jambo ambalo angepaswa kulifanya hata kama kitabu kisingekuwapo. Mwanga wa taa ya sola unatosha ukitoka upande wa mkono usioshika penseli. Koroboi hutia macho machozi, na usiku hugeuza samawati ikaonekana kijani, ndipo mtu aamkapo asubuhi akaona anga la ajabu.

Yamkini utapendezwa kupaka peke yako, na upweke huo ni haki yako. Lakini wazee wa Usukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wakubwa waliwafunza vijana kwa maneno na kwa ngano, na sioni kwa nini watu watano wenye kopi tano za ukurasa mmoja wasiketi pamoja, mmoja wao akisimulia na wengine wakipaka. Msimulizi aruhusiwe kukosea. Watakaomsahihisha ndio watakaokuwa wanaijua ngano, na hapo ndipo utakapogundua kuwa kwa bibi wa Bulungwa kikongwe alikatwa sikio la kushoto, na kwa babu wa Ulowa lilikuwa la kulia, na kila mmoja anao ushahidi. Usiwapatanishe. Mpe kila mmoja karatasi yake.

Kurasa zilizokwisha zihifadhiwe mahali palipoinuka, ndani ya mfuko wa plastiki au sanduku la bati, mbali na ukuta wa udongo, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawabagui tumbaku, mti wala fasihi. Zile za asili, za wino mweusi, zisipakwe kamwe wala zisiazimwe kwa zaidi ya siku moja. Ziwekwe kwa mtu mmoja anayejulikana, na atakayetaka kitabu kipya aje na karatasi zake, azichukue zile za asili akatolewe kopi, kisha azirejeshe siku ile ile.